Kantini inarudi mu simu? Pointi ya magazini si mushahara

Mwisho wa mwezi, kijana mumoja anayetumika mu sous-traitance alifika ku biro ya sendika yetu, telefone mu mukono. Alitukuta watatu. Akasema: «Yaya, muangalie hii. Ni zawadi ao ni mutego?»

Mu simu yake kulikuwa ujumbe wa kampani. Ilisema hivi: kuanzia mwezi unaofuata, feza ya chakula, ile inayolipwa pembeni ya mushahara, haitapita tena ku mobile money. Itaingia moja kwa moja mu «mufuko ya muteja» ya magazini moja kubwa ya mji. Kila mara mutumishi atanunua kitu pale, atapata pointi. Pointi zikifika mia, magazini itamurudishia kitu.

Tulisoma mara mbili. Kiisha ule muzee kutushinda wote akacheka: «Lakini hii ni kantini!» Kijana hakuelewa. Alizaliwa wakati kantini ilikuwa imekwisha kufungwa. Ni juu yake, na juu ya wenzake wa umri wake, tunaandika hii leo.

Mbele ya yote tuseme wazi: hatukatai telefone. Tangu 2012, wakati M-Pesa na wenzake waliingia mu inchi yetu, wengi wetu tumeacha kubeba feza mu soksi. Mushahara inafika, sehemu inaenda kwa mama ku Likasi, sehemu inalipa masomo, na hakuna mutu anatungojea ku njia usiku. Hatukatai pia kwamba magazini imupe muteja wake kitu. Ile ni desturi ya zamani kuliko magazini yenyewe. Mama wa soko ya Kenya, akikupimia meka ya unga, anajaza, kiisha anaongeza konzi moja juu. Ile njo matabishi. Haandike jina lako popote, haombe namba yako ya simu. Anakuongezea juu anataka urudi kesho.

Pointi za magazini zinafanana na matabishi, lakini si matabishi. Konzi ya unga unaibeba leo, unaipika leo. Pointi inabaki kwa mwenye magazini. Ni ahadi. Yeye mwenyewe njo anaandika ahadi, yeye mwenyewe njo anasema ina bei gani, na yeye mwenyewe njo anasema itakufa siku gani.

Tufanye hesabu kidogo, ile ya ku meza ya nyumba. Tuseme magazini inatoa pointi 1 kwa kila franka 1.000, na pointi 100 zinakurudishia franka 1.000. Mutumishi akitumia franka 100.000 mu mwezi, anapata pointi 100, ni kusema franka 1.000. Ni moja juu ya mia. Sasa tuseme kiloba ya unga mu ile magazini inapita bei ya soko kwa franka 2.000 tu. Jamaa ikikula viloba viwili mu mwezi, imepoteza franka 4.000 ili ipate 1.000. Zawadi imelipwa na muteja mwenyewe, mara ine. Bei hizi tumeziweka sisi juu ya mufano. Kila mutu aweke zile anazoziona ku njia yake, afanye hesabu yake. Lakini asisahau pia kitu kimoja ambacho hesabu haionyeshe: mama wa soko anakubali deni mpaka siku ya mushahara, magazini haikubali.

Kuna na jambo la franka yenyewe. Mu 2012, dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mu 2024 ilipita 2.700. Mutu aliyechunga pointi zenye kuhesabiwa mu franka miaka yote ile, bila kuzigusa, angebaki na kitu kama sehemu moja juu ya tatu ya nguvu yake. Magazini inabadilisha bei ya sukari kila juma dola ikipanda. Bei ya pointi, haina haraka ya kuibadilisha.

Ili tuone hii safari inaweza kufika wapi, tutoke kidogo ku Katanga, twende Kenya. Si Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, ni ile ya Nairobi. Kule wametutangulia miaka mingi mu mambo ya simu, kwa hiyo makosa yao ni masomo kwetu.

Kulikuwa kule magazini kubwa sana, Nakumatt. Ilianza kama duka ya magodoro ku muji wa Nakuru, ikafika kuwa na matawi mu Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wateja wake walikuwa na karte ya pointi, watu walitembea nayo mu mufuko kama karte ya benki. Mu 2017 rafu zilianza kubaki tupu, juu wenye kuleta vitu walikuwa hawalipwe. Mu Januari 2018 tribinali iliiweka mikononi mwa musimamizi, na mu Januari 2020 wenye kuidai walipiga kura waifunge kabisa. Siku ile kampani inaanguka, kuna mulolongo: benki, wenye kuleta vitu, watumishi, wenye nyumba. Mama mwenye pointi ku karte yake anasimama fasi gani mu ule mulolongo? Nyuma kabisa. Mara mingi hana hata fasi.

Mufano wa pili ni wa kampani ambayo haikuanguka hata kidogo. Safaricom, ile ya M-Pesa, inawapa watu pointi zinazoitwa Bonga wakitumia simu. Mu 2020, wakati wa korona, ilifungua njia watu walipe chakula mu maduka na zile pointi. Pointi zikakaribia kuwa feza. Lakini mu 2022 kampani ikatangaza kwamba pointi zilizopita miaka 3 zitaanza kukufa tarehe 1 Januari 2023. Watu wakapiga makelele. Hatuseme kampani iliiba. Tunasema kitu kimoja: feza ya Banki ya kati haiwezi kukufa juu uliichunga miaka 3 chini ya kitanda. Pointi inaweza, juu sheria yake inaandikwa na mutu mumoja, naye njo anakudai umushukuru.

Hapa kwetu tulishaona vile namba mu simu inaweza kupunguka bila kuulizwa. Nani alisahau RAM? Kuanzia 2020 inite zilikuwa zinakatwa mu telefone zetu, unaweka asubuhi, mchana hazipo. Ilichukua makelele ya inchi muzima, mpaka 2022, ili iondolewe. Na ile ilikuwa kodi ya serkali, yenye minista wa kuulizwa mu Bunge. Pointi za magazini zikikatwa, tutauliza nani?

Sasa turudi kwa ule muzee aliyecheka.

Sisi tulio na miaka makumi ine na kitu, tuliikuta kantini tukiwa watoto. Tulisimama mu mulolongo na mama zetu, karte mu mukono, tukingojea posho: unga, maharagi, samaki ya kukauka, mafuta. Hesabu ilifuata wingi wa watoto. Union Minière, iliyoanzishwa mu 1906, njo ilileta hii namna ya kulisha watumishi ili wasitoroke. Gécamines ikairithi mu 1967. Wazee walisema «kazi njo baba, njo mama», na hawakusema uongo. Kazi ilitoa nyumba, lopitali, masomo na unga. Tulikula vizuri. Hatutaki kumutukana mutu aliyetulisha.

Lakini ule baba na mama alipokufa, tulijifunza bei ya kulishwa. Mu miaka ya 1990, kisha mugodi ya Kamoto kubomoka mu 1990 na kampani kuanguka, posho ilianza kuchelewa, kiisha kupunguka, kiisha kukosa. Mushahara pia ilikosa, miezi na miezi. Na mu 2003 na 2004, watumishi 10.655 walitoka ku Gécamines mu ile tuliyoita «départs volontaires», hata kama «volontaires» wenyewe wengi hawakuona walichagua nini. Mutu alikuwa na miaka 25 ya kazi, na siku ya kutoka akakuta kwamba sehemu kubwa ya yale aliyokuwa anapokea haikupita hata siku moja mu mikono yake kama feza. Ilikuwa kiloba, ilikuwa paa, ilikuwa dawa. Haikuwekwa fasi, haikuzaa kitu. Ilikulwa ikaisha.

Njo maana muzee alicheka. Kantini haikuwa ubaya juu ya unga wake. Ilikuwa ubaya juu mulango ilikuwa moja, na ufunguo ilikuwa kwa mwenye kazi.

Wazee wa inchi zingine pia walipita mu hii njia. Ku Uingereza, watumishi wa migodi na viwanda walikuwa wanalipwa mu bon za duka ya patron. Mu 1831 Bunge yao ilipitisha sheria ya kukataza. Ku Marekani, kampani za makaa zilikuwa zinapiga vyuma vyao vyenyewe, vyenye kufanya kazi mu duka ya kampani tu. Kisha vita ya pili, OIT iliandika Convention namba 95 ya mwaka 1949 juu ya kulinda mushahara, na inchi yetu iko ndani. Inasema mambo matatu yenye kila delege anapaswa kujua kwa kichwa. La kwanza: mushahara ya feza inalipwa mu feza ya inchi, si mu bon, si mu kupon. La pili: patron hana ruhusa ya kumufunga mutumishi namna ya kutumia mushahara yake. La tatu: kama kuna duka karibu na kazi, hakuna mutu wa kumulazimisha mutumishi anunue mule. Na Kodi yetu ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inafuata ile njia moja.

Kampani itajibu, na tayari ilijibu: «Lakini hii si mushahara, ni feza ya chakula. Zamani mulipokea unga, mulikuwa hamulalamike.» Jibu hii ina akili, kwa hiyo tuijibu na akili. Ile Convention inakubali sehemu ilipwe mu vitu, kama desturi iko na kama imekubaliwa na sheria ao na mapatano ya sendika. Lakini inataka vitu vifae jamaa, na bei yake ihesabiwe kwa haki. Kiloba ya unga ni kitu. Unaikula, unaigawa na jirani, ukiwa na taabu unaiuzisha. Franka 100.000 mu akonti ya mobile money ni feza: unaenda ku kabini, unatoa. Namba yenye kuandikwa mu mufuko ya muteja wa magazini moja si unga, si feza. Huwezi kuikula, huwezi kuitoa ku kabini, huwezi kuituma kwa mama ku Likasi. Ni bon. Imevaa tu nguo mupya.

Tena si sisi tu tunatofautisha. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya mifumo ya malipo inajua feza ya elektroniki: mwenye kuitoa anapaswa kuirudisha feza ya kweli ukiomba. Pointi za magazini hazina ile nguvu. Hata kama zinakaa mu simu moja, ku kioo kimoja, kidole kimoja kinazifungua zote mbili, moja ni yako na ingine ni ahadi.

Tulipozungumuza hii mu mukutano ya wanamemba, mama mumoja, muke wa mutumishi, alisimama akatunyamazisha. Akasema: «Mweye ba-sendika munasema tu feza, feza. Miye bwana yangu akipata feza ku kabini, inafika ku nyumba nusu. Nusu ingine inabakia ku nganda. Kama iko mu magazini, inafika yote.» Wamama wengine walipiga mikono. Wababa waliangalia chini, na sisi pia.

Alisema kweli, na hatuna haki ya kuipita pembeni. Hata wakati wa posho, mu manyumba mingi kiloba ilikuwa ya mama na mushahara ilikuwa ya baba. Kantini ilipofungwa, ni wamama njo walipoteza sehemu yao mbele ya wengine wote. Kwa hiyo tulimujibu hivi: taabu yako ni kubwa, lakini dawa si kumupa magazini ufunguo. Dawa ni kugawa. Baba anaweza kukubali, kwa maandishi, sehemu ya feza ya chakula iingie mu akonti ya simu ya mama, feza ya kweli, na yeye mama aende soko gani anataka. Kama soko ya Kenya ina bei muzuri, aende kule. Kama magazini ina bei muzuri juma hii, aende magazini, apate na pointi zake. Atachagua yeye. Mama aliuliza: «Na kama bwana anakatala kusaini?» Hatukuwa na jibu muzuri. Tuliandika ulizo yake mu kitabu ya mukutano, na ingali pale.

Kubaki jambo moja ambalo vijana hawalioni na ambalo sisi wa sendika tunaliona mbele. Mufuko ya muteja ina macho. Inajua ulinunua nini, siku gani, saa gani. Mama wa soko pia anajua, lakini hamwambie patron wako. Kama kampani njo inajaza mufuko, na magazini njo inahesabu, ni nani anakataza wapeane makaratasi? Delege fulani ananunua pombe ngapi. Fulani ananunua dawa ya sukari ao ya presha, pengine tusimurudishie kontra. Code ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inasema kwamba habari za mutu zinalindwa na kwamba anapaswa kukubali. Lakini kukubali ya mutu mwenye kontra ya miezi mitatu, mbele ya shefu wake, si kukubali.

Na siku ya mugomo? Mu Desemba 1941, wazee wetu wa Union Minière hapa Élisabethville waliacha kazi juu bei ya vitu ilipanda na mushahara ilibaki chini. Tarehe 9 walipigwa risasi ku stade. Mutu anayetaka kujua juu ya nini sendika inachunga sana ulizo la nani anashika chakula, aanzie pale. Mutumishi mwenye feza kidogo mu mukono anaweza kusimama juma moja. Mutumishi mwenye chakula yake inafunguliwa na kidole cha mutu mwingine, atasimama siku ngapi?

Kwa hiyo tulimujibu kijana wetu, na tunawajibu wote wenye kupata ujumbe kama wake. Zawadi ao mutego? Inategemea mulango ngapi. Kama wewe mwenyewe, na feza yako, unaingia magazini na wanakupa pointi, pokea, hesabu, na uzitumie haraka. Usizichunge kama akiba, juu si akiba. Kama mwenye kazi njo anakusukuma pale na feza ya jasho lako, ni kantini.

Ku kampani yake tuliandika barua yenye mambo manne. Feza ya chakula iendelee kulipwa mu franka, mu benki ao mu mobile money. Mwenye kutaka mufuko ya magazini, aombe yeye mwenyewe kwa maandishi, na aweze kutoka mwezi wowote. Kampani isipokee habari yoyote ya manunuzi ya mutumishi. Na kama magazini inairudishia kampani kitu juu ya kuiletea wateja, ile feza ionyeshwe kwa delege, juu ni feza yetu.

Jibu la kwanza lilifika: «Ni mapendekezo tu, hakuna mutu analazimishwa.» Vizuri. Lakini mu ujumbe wa simu neno «mapendekezo» halikuwa, na fomu ya kusaini inaendelea kutembea ku sité, mu bisi ya kazi, saa kumi na moja ya asubuhi, wakati watu wanasinzia.

Ndugu, usisaini mu bisi. Iweke mu mufuko, mufuko ya suruali, ile ambayo ni yako kweli. Ilete kwa delege wako, tuisome pamoja.